Maji ya Mvuke na Jagi la Mama Nkatha

Vijana wa maabara, mliniomba kwenye kikundi chetu cha simu niandike machache kuhusu miaka yangu ya kazi, na mmoja wenu akaongeza kwamba nisisahau kutaja vyeo. Vyeo sina. Nilianza kazi nikiwa fundi wa maabara ya kemia katika shule ya wasichana karibu na Muthara, na nimestaafu nikiwa fundi wa maabara ya kemia katika shule hiyo hiyo. Tofauti ni koti tu: siku ya kwanza lilikuwa jeupe. Sasa niko nyumbani Majimbo, hapa Embu mjini, ninamwagilia sukuma wiki maji ya mfereji bila kuyapima, na mke wangu anasema nimeanza kupona.

Kabla ya yote tuelewane juu ya neno moja, kuyeyuka. Neno hili limenipa taabu kuliko asidi. Katika Kiswahili barafu huyeyuka, chumvi huyeyuka, na mwalimu wa zamu naye huyeyuka Ijumaa saa nane mchana. Mtihani hauko hivyo. Mtihani huja kwa Kiingereza, na Kiingereza kina maneno mawili, moja la barafu iliyopata joto na jingine la chumvi iliyoingia majini. Wasichana wetu walifikiri kwa lugha moja na kuandika kwa nyingine, kwa hivyo waliandika neno la moto penye maji, kila mwaka sukari yao iliungua ndani ya maji baridi na kila mwaka msahihishaji aliwapa sifuri. Mmoja aliulizwa chumvi huyeyuka kwenye joto la kiasi gani. Akajibu, "La chai." Mimi ningempa alama moja, ya ukweli.

Siku yangu ya kwanza ilianzia langoni. Soja wa lango aliitwa Kobia, mtu mrefu mwenye shavu moja kubwa kuliko lingine, maana ndani yake kulikuwa na miraa ya Kangeta tangu alfajiri. Akafungua kitabu cha wageni.

"Jina?"

"Njagi."

"Jagi?"

"Njagi."

"Sasa si ndio nauliza. Ni jagi ya maji ama jagi ya uji?"

Njagi, kwetu Embu, ni punda milia, na ni jina la heshima. Lakini watu wa pande zetu zote za mlima, na mimi nikiwemo, hatuwezi kusema jagi bila kulipachika herufi N mbele, kwa hivyo ukilitamka jina langu kwa ufasaha umetaja chombo cha jikoni. Kobia aliinama akaandika polepole: "Jagi, moja." Kisha akaniruhusu kuingia. Hapo ndipo ningepaswa kujua kwamba jina hili litanipeleka pabaya, lakini nilikuwa kijana na nilikuwa na koti jipya.

Fundi niliyekuja kumrithi aliitwa Mzee M'Arimi. Alikuwa amebakiza mwezi mmoja astaafu na aliutumia wote kunichokoza. Somo lake la kwanza lilikuwa glasi tatu za maji mezani. Akaniuliza ipi ina maji. Nikasema zote. Akasikitika kwa niaba ya chuo kilichonifundisha.

Alichukua tone moja kutoka kila glasi, akayaweka juu ya kipande cha kioo, akakipasha moto taratibu mpaka matone yakakauka. Tone la maji ya kisima cha pampu liliacha duara jeupe kama mdomo wa mtoto aliyekunywa maziwa. Tone la maji ya mvua liliacha alama hafifu. Tone la tatu halikuacha kitu.

"Hiyo nyeupe ni nini?" nikauliza.

"Ni mizigo," akasema. "Maji ni kama mtu wa Embu. Akipita kwa shamba yako hatoki mikono mitupu. Amepita kwa mawe, amebeba chokaa. Amepita kwa chumvi, amebeba chumvi. Na ukimwangalia usoni huoni kitu."

"Na hili la tatu?"

"Hilo lilipanda kama mvuke. Mvuke haubebi mzigo. Maji ikitaka kwenda juu lazima iache kila kitu chini. Ni kama kuokoka."

Yale maji ya tatu, ambayo vitabu vina jina lao refu, yeye aliyaita maji ya mvuke, na mimi nikayaita hivyo mpaka mwisho. Akanieleza pia jinsi chumvi inavyoingia majini, na sijapata maelezo bora. Alisema chumvi ni chembe mbili zilizooana, moja chanya na moja hasi. Maji nayo yana pande mbili, upande mmoja unapenda chanya na wa pili unapenda hasi. Ukitia chumvi majini, maji huja kwa wingi, yanamzunguka kila mmoja, yanamvuta huyu huku na yule kule, kama mashangazi wanavyomzunguka bibi harusi asipate hata nafasi ya kumwona bwana harusi. Chumvi haijaenda popote. Imezungukwa tu. Ukiyachemsha maji yakaisha, mashangazi wakienda zao, wale wawili hurudiana palepale. Mafuta hayana chanya wala hasi, kwa hivyo mashangazi huyapita bila salamu.

Alipoondoka aliniachia funguo, chupa ya kubinya yenye mdomo uliopinda, na mashine ya kuchemshia maji iliyotoa tone, ikapumzika, ikafikiria, kisha ikatoa jingine. Kujaza mtungi mmoja wa lita ishirini kulichukua wiki tatu, stima ikikubali. "Hii maji usikopeshe mtu," akaniambia. "Hata Askofu." Mimi nikaandika kwa rangi nyekundu kwenye ule mtungi: MAJI YA MVUKE. USIGUSE.

Miaka ya mwanzo nilifanya makosa ya kawaida, na nitawapa moja tu. Nilitaka kuwaonyesha kidato cha kwanza jinsi kitu kidogo kinavyoenea majini bila kukorogwa, nikatupa punje chache za pamanganeti kwenye beseni kubwa nje ya maabara. Zambarau ikateremka kwa nyuzi nyuzi, ikapanuka, ikajaza beseni lote, na wasichana wakasema "aaa" kwa sauti moja. Nikatamba. Kisha kengele ya chakula ikalia nikaliacha beseni pale pale. Aliyepita akaliona alidhani ni maji ya kusuuzia, akatumbukiza mashati mawili ya mkuu wa shule wa wakati ule. Mkuu alivaa kahawia muhula mzima, na kila aliponipita alinitazama kwanza mimi, halafu kola. Tangu siku hiyo sijawahi kuacha chombo bila maandishi. Tatizo, kama mtakavyoona, ni kwamba watu husoma maandishi kwa namna nyingi.

Sasa nifike kwa Mama Nkatha.

Mama Nkatha alikuwa mpishi wetu mkuu, mwanamke mfupi mwenye mikono ya kugeuza ugali wa watu mia nne, na mtu mwaminifu kupita wote niliofanya nao kazi. Akiokota sindano ya mtu aliitangaza gwarideni. Aibu yake ilikuwa moja tu maishani, nayo ilikuwa chai. Maji ya kisima chetu ni magumu. Niliwahi kuyaeleza gwarideni, sabuni ilipokataa kutoa povu na wazazi wakaanza kunong'ona kwamba kisima kimerogwa. Nilisema maji magumu ni maji yaliyobeba chokaa nyingi, na msichana mmoja akanyoosha mkono akauliza, "Ni magumu kama hesabu?" Nikasema karibu. Basi maji hayo ukiyapikia chai, juu yake hutanda utando wa kijivu, hasa chai ya rangi, isiyo na maziwa. Haudhuru mtu, lakini unaonekana. Kila mgeni aliyetembelea shule alipoletewa kikombe aliutazama ule utando, kisha akakumbuka kwamba daktari amemkataza chai.

"Njagi, wewe ni mtu wa sayansi," aliniambia siku moja mlangoni pa maabara. "Kwa nini chai yangu inavaa nguo?"

Ulimi huponza kichwa. Nilikuwa na dakika kumi za bure na sikuweza kuzuia. Nikamweleza chokaa, nikamweleza majani ya chai, nikamwonyesha duara jeupe juu ya kioo. Kisha, kwa mkono huu wangu mwenyewe, nikauelekezea mtungi wa maandishi mekundu nikasema, "Ungepikia haya, chai yako ingekuwa safi kama kioo."

Akautazama ule mtungi kwa muda. Akasema asante, akaenda kusonga ugali.

Mwaka huo mtihani wa kitaifa wa kemia ya vitendo ulikuwa Jumatano. Jumanne saa nne asubuhi nilianza kuandaa myeyusho kwa ajili ya wasichana arobaini na watatu. Ninyi mnajua shughuli hiyo: unafuata maagizo mstari kwa mstari, hupumui. Kwanza nikachukua nitreti ya fedha, ambayo bei yake inalingana na jina lake na ambayo mhasibu hunipa kwa uso wa mtu anayetoa figo. Kazi yake ni kunusa kloridi. Penye chumvi ya aina hiyo huwa nyeupe, pasipo na chumvi hubaki safi. Nikaimimina nusu chupa kwenye maji ya mvuke.

Ikawa maziwa.

Nilitazama yale maziwa, nikatazama mtungi, nikatazama mikono yangu. Nikachukua neli ya kioo, nikatia maji ya mtungi peke yake, tone moja la nitreti. Maziwa. Maana yake, kesho yake kila msichana, apewe chumvi yoyote ile, angeona weupe na kuandika kwamba kuna kloridi. Arobaini na watatu wangekosea kwa umoja, kwa mwandiko mzuri, na kosa lisingekuwa lao. Nilibakiza nusu chupa, yaani nafasi moja, na mashine yangu ilihitaji wiki tatu.

Hapo nilifanya kosa la pili, nikatafuta mwizi. Nilienda langoni nikitembea kwa hasira.

"Kobia, umekunywa maji yangu."

"Maji gani?"

"Wewe unatafuna miraa kuanzia alfajiri. Mtu wa miraa hukauka koo. Mtu aliyekauka koo hunywa maji. Maabara iko mita hamsini kutoka hapa."

Niliona ni hoja safi kabisa. Kobia alihamisha miraa kutoka shavu la kushoto hadi la kulia, jambo ambalo hakulifanya ovyo.

"Mimi nakunywa soda," akasema. "Maji ni ya kuoga. Na wewe, Jagi, umeniita mwizi mbele ya lango yangu. Hiyo nimeweka kwa roho."

Nikaenda ofisini kwa Madam Karimi, mkuu wa shule wetu, nikamweleza yote. Alikuwa mwanamke mtulivu wa kufundisha historia, lakini alipoelewa alikaa chini. Alianza kupiga simu. Shule za jirani zilikuwa na mtihani ule ule na kila moja ilikuwa imekumbatia mtungi wake. Nikatuma mtu dukani Muthara akaleta chupa mbili za maji ya betri. Nikazipima zote mbili, maziwa. Mwenye duka aliapa kwa simu kwamba ni safi kabisa, aliyachota mtoni mwenyewe. Mvua nayo, ambayo wiki nzima ilikuwa imetulowesha, siku hiyo ilikataa hata wingu.

Tukiwa tumekaa hivyo kama wafiwa, Mama Nkatha akaingia na sinia la chai. Akamimina. Nikatazama kikombe changu. Chai ilikuwa haijavaa kitu.

"Mama Nkatha," nikasema polepole, "hii umepika na maji gani?"

"Maji."

"Ya wapi?"

"Ya kwako." Akaona uso wangu. "Lakini nilirudisha! Haki ya Mungu, Madam, kila siku nikitoa narudisha ya kisima, kipimo kwa kipimo, haipungui hata kidogo. Mtu akikopa maji anarudisha maji. Mimi si mwizi."

"Niliandika usiguse!"

"Na sikugusa. Hata kidole. Niliteka na njagi."

Madam Karimi akanigeukia taratibu sana. "Na Njagi?"

"Ndio, na njagi," akasema Mama Nkatha. "Kila asubuhi."

"Huyu?"

"Huyu wapi? Njagi ya jikoni. Ile ya kijani."

Ilichukua muda kulinyoosha jambo hilo, na sina hakika kwamba Madam aliacha kabisa kunishuku kabla chombo chenyewe hakijaletwa mezani. Lakini hapo hata hasira ilikuwa imeniishia. Mama huyu alikuwa ameniibia maji kwa uaminifu mkubwa. Kwake maji ni maji, kama chumvi ni chumvi na sukari ni sukari. Ukikopa kikombe cha sukari kwa jirani unarudisha kikombe cha sukari. Nilimweleza kwa ufupi alichorudisha. Alipoelewa kwamba ni wasichana watakaoanguka, aliketi sakafuni akalia kwa sauti. Mimi nami nilijua ni nani aliyemwonyesha ule mtungi.

Kisha akanyamaza, akasimama, akaenda kufunga mlango.

"Madam. Mtungi mmoja naweza toa kabla ya saa kumi na mbili."

"Utoe wapi?"

"Kwa jiko." Akatazama dirishani. "Kabla sijaokoka nilikuwa napika ile kitu. Ile ya kutonesha. Ile Chifu anamwaganga."

Alimaanisha chang'aa, pombe haramu. Mama Nkatha tuliyemjua alikuwa akifunga jiko kwa sala. Jumapili iliyokuwa inakuja alikuwa anasimikwa kuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani, na kitambaa cha sare alikuwa ameshakishona.

"Mume wangu hajui," akasema. "Pasta hajui. Mkisema nje, mimi nimekwisha. Lakini hao watoto nimewalisha miaka minne."

Madam Karimi akasema halitatoka ofisini humo. Tukaenda jikoni.

Vijana, nimesoma chuoni jinsi ya kukeneka maji, yaani kuyatonesha, na siku hiyo nilijifunza upya. Alichukua sufuria tatu kubwa za githeri, akazijaza maji ya kisima hadi nusu tu. Katikati ya kila moja akasimamisha jiwe lililosuguliwa, juu ya jiwe bakuli, na mdomo wa sufuria akaufunika kwa beseni la maji baridi, akaziba pembeni kwa unga uliokandwa. Mvuke ukipanda unakutana na tumbo baridi la beseni, unarudi kuwa maji, unatonea kwenye bakuli. Maji ya beseni yakipata moto unayabadilisha. Hakuna kioo, hakuna stima. Kwa saa moja alitoa kilichokuwa kinaichukua mashine yangu siku kadhaa, na hakuiambia pole.

"Usikimbize moto," akanifokea nilipoongeza kuni. "Maji ikiruka, uchafu inaruka nayo."

Ni maneno ya Mzee M'Arimi karibu neno kwa neno, na nilijiuliza mzee yule naye alijifunzia wapi.

Bakuli la kwanza nililipima. Tone moja la nitreti: ukungu mwembamba. Mama Nkatha akashika kichwa. Lakini hapo nami nilikuwa na la kusema, nikashukuru. Bakuli alikuwa ameliosha vizuri sana, kwa maji ya kisima. Nikamwambia tulimwage, tulisuuze kwa maji yale yale ya mvuke, maana chombo husuuzwa kwa kile kitakachoingia. La pili tukalipima. Tone likazama, likapotea, na maji yakabaki kama hakuna kilichotokea. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutoona kitu.

Saa kumi tulikuwa na zaidi ya nusu mtungi. Jikoni kulikuwa na moshi na jasho, mimi nimevua koti nabadilisha maji ya beseni, Mama Nkatha amejifunga leso akinung'unika wimbo wa kanisani, ndipo mlango ukafunguliwa. Alikuwa Chifu na kofia yake, askari wawili, na nyuma yao Kobia, ambaye lazima alikuwa amechungulia dirishani, mashavu yote mawili yakiwa yamejaa kwa ushindi.

"Nilikwambia nimeweka," Kobia akaniambia.

Chifu alitazama sufuria tatu, mabeseni, unga pembeni, matone. Aliijua mitambo hiyo kama anavyoijua njia ya kwao.

"Mama Nkatha," akasema kwa huzuni. "Hata wewe? Na ndani ya shule?"

Mama Nkatha akawa mweupe kama nitreti yangu ya asubuhi. Chifu akachukua kikombe, akakichovya kwenye bakuli, akanusa. Akanusa tena. Akaonja. Akasubiri, kama mtu anayesubiri kitu kimpande kichwani.

"Hii ni maji," akasema.

"Ndiyo, Chifu," nikasema.

"Maji tu?"

"Maji tu. Ya mtihani wa kesho."

"Hata haina ladha." Alisema kwa masikitiko ya kweli, na askari mmoja aliyekuwa amenyoosha mkono kupokea kikombe akaurudisha. Lakini Chifu hakuwa mjinga. "Sawa, ni maji. Lakini huu ujuzi haukutoka kwa kitabu. Hii nimeimwaga miaka mingi. Nani hapa anajua kutonesha?"

Nilimwona Mama Nkatha akifungua mdomo. Alikuwa mtu wa kutangaza sindano; angejitangaza na yeye mwenyewe. Nikamwahi.

"Njagi," nikasema, nikijigonga kifua, lakini moshi ulikuwa mwingi.

"Nani?"

"Njagi, Chifu," Kobia akadakia. "Kila kitu ni hiyo Jagi."

"Jagi ndio ilitumika?"

Madam Karimi, ambaye alikuwa ameingia wakati huo, alinitazama, akatazama meza, na historia yote aliyowahi kufundisha ikamsaidia. "Ndiyo, Chifu," akasema. "Ni hilo la kijani."

Chifu alilichukua jagi la kijani, akaligeuza juu chini, akamkabidhi askari kama ushahidi, akaonya kwamba asilione tena likifanya kazi hiyo. Wakaondoka nalo. Nasikia lilikaa kwenye rafu ofisini mwake.

Saa kumi na moja na nusu mtungi ulikuwa umejaa. Nikamimina nusu chupa iliyobaki ya nitreti kwenye maji mapya, Mama Nkatha akiwa amefumba macho nyuma yangu. Nikamwambia afumbue. Ilikuwa safi kama kioo. Kesho yake wasichana wangu arobaini na watatu waliona weupe pale tu palipostahili, na mmoja alitoka nje akanikimbilia: "Mwalimu, chumvi yangu haikuungua!" Jumapili Mama Nkatha akasimikwa na sare yake. Mimi nilimwomba Kobia msamaha, akaupokea kwa soda mbili.

Miaka ikapita, na siku ya kuagwa ikafika, muhula uliopita. Walinikalisha mbele, nikiwa na suti. Pasta alikuwepo, Madam Karimi alikuwepo, na hata Chifu, ambaye naye sasa amestaafu. Chai ya rangi ikaletwa. Nikatazama kikombe.

Hakikuwa na utando.

Madam alikuwa katikati ya hotuba, anasifu utulivu wangu. Nikasimama, nikatoka mbio kwa suti hadi maabara, nikatwaa neli, nikapima mtungi niliokuwa nimemwachia kijana aliyenirithi. Tone moja. Safi. La pili. Safi. Maji yalikuwa yote mahali pake, na mimi nilikuwa mzee mpumbavu aliyemshuku mtu asiye na hatia kwa mara ya pili.

Niliporudi, Mama Nkatha alikuwa amesimama mbele ya watu wote, mikono kiunoni.

"Mnaona vile Njagi ametoka mbio? Ameenda kunipima." Watu wakaangua kicheko. Akangoja kiishe. "Hii chai ni ya maji nimetonesha mwenyewe, na sufuria yangu, tangu asubuhi. Nilijua hiyo kazi kabla sijaokoka. Pasta, hapo umesikia. Na mtu akitaka kujua nilikuwa natonesha nini, aulize Chifu. Kabla hajakuwa chifu alikuwa mteja."

Chifu akaitazama kofia yake. Pasta alikuwa na kikombe mdomoni. Akanywa, akafikiri, akaomba kingine.

"Siku ile ungesema jina langu, ningekuwa nimekwisha," Mama Nkatha akaniambia. "Ukasema yako. Sasa ile maji nilikopa, leo nimerudisha."

Nilikunywa vikombe vitatu ili nisionekane ninalia, na chai ikanisaliti kwa kushuka ikiwa imechanganyika na machozi. Kisha Chifu akainuka kwa zawadi aliyoifunga kwa gazeti. Ilikuwa jagi la kijani, na akasema kesi imefungwa kwa kukosa mashahidi.

Liko hapa dirishani Majimbo. Mtu fulani, nadhani ni mpishi mmoja ninayemjua, ameliandika kwa rangi nyekundu: USIGUSE. Nami nimetii. Mke wangu akitaka kumwagilia sukuma wiki hulishika yeye mpini, mimi nasimama pembeni nikielekeza, na mboga hazijui tofauti ya jagi na Njagi.